Mto Nilioupima kwa Mikono Yangu

Tumemzika Kibwana juzi Jumatano, huko ng'ambo ya mto, na kama ilivyo kawaida ya maziko yetu, imamu alipomaliza kumsalia alitugeukia akauliza tunamshuhudia vipi maiti huyu. Tukajibu sote kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema. Mimi nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wenzangu, mpaka mzee aliyesimama kando yangu akageuza shingo akanitazama. Kisha mkwewe akatoka mbele akasema maneno yasemwayo siku zote, kwamba kama marehemu alimkosea mtu basi asamehewe, na mwenye neno naye alitoe sasa kabla ya udongo. Nyuma kabisa kijana mmoja wa mjini, ambaye mwaka ninaotaka kuueleza hata mama yake alikuwa hajaolewa, akanong'ona kwamba basi tumsamehe na ule mto wake, na wawili watatu wakabana vicheko. Mimi nilikuwa na neno. Nimekaa nalo zaidi ya miaka arubaini. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kaburini, magoti yangu mazima, ulimi wangu haujapooza. Nikainama nikachota udongo, nikatia pamoja na wengine.

Sasa nimerudi nyumbani ninaandika, na kuandika ni rahisi kuliko kusema, kwa kuwa karatasi haigeuzi shingo. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani. Sipajui vizuri, na waliopajua hawakujisumbua kuniambia. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule wa karibu kabisa kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, wakati bado liwali wa Sultani ndiye aliyekaa barazani kuamua mambo ya watu. Nilikuwa kijana aliyekwisha ota ndevu, na nilikuwa mtumwa wa Bibi Zuhura. Vijana wa leo ukiwaambia kwamba mzee huyu mwenye kanzu iliyopigwa pasi, anayesali safu ya mbele, alikuwa mali ya mtu, hutazama chini kwa adabu. Adabu hiyo inaniudhi. Afadhali wangenitazama usoni wakauliza ilikuwaje.

Bibi Zuhura hakuwa mkali, nalisema mapema ili msomaji asitafute mtu wa kumchukia mahali asipokuwepo. Nililala katika kijumba cha uani, baina ya jiko na banda la kuni, juu ya mkeka ambao yeye mwenyewe aliushona ulipochanika. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa uji na kipande cha mkate wa jana, kisha nikaenda dukani kwa Bwana Kanji, Banyani aliyenikodi kwake. Siku moja adhuhuri nilikuwa nachota maji kisimani, na ukuta wa ukumbi ulikuwa mwembamba, nikamsikia Bibi akimwambia mgeni wake kwamba Feruzi, ndilo jina langu, ana mikono mifupi, ndiyo maana Banyani hamwachi. Mgeni akauliza kama angependa kuniuza. Bibi akafikiri kidogo, nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya sinia, akasema bado ninafaa. Hakusema kwa ubaya. Mtu akiulizwa habari ya kinu chake husema vilevile.

Habari ya mikono inataka maelezo, kwa kuwa leo kila duka lina mti wa yadi na watoto hawajui tulivyokuwa tukiishi. Siku zile nguo zilipimwa kwa mwili. Mkono mmoja ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mikono minne ni pima, yaani mtu akinyoosha mikono yake yote miwili kama anayetaka kukumbatia mnazi. Lakini mkono wa nani? Ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mwenye duka aliweka mtu wa mikono mifupi, mnunuzi akaja na mtu wa mikono mirefu, na kipimo kikapatikana katikati, baada ya kelele. Hakuna aliyeuita uongo. Mimi nilikuwa mkono wa duka la Kanji, katika chumba kile cha mbele kilichonuka nguo mpya na mvuje, marobota ya amerikani upande huu na kaniki upande ule. Na mkono wa wanunuzi, hasa wanyapara wa misafara waliotaka nguo za safari ya bara, alikuwa Kibwana.

Alikuwa Mkwere wa kivukoni, muungwana, ndugu wa baba yake ndio waliokuwa na haki ya kuvusha watu Mto Ruvu, ambao huku chini tuliuita Kingani. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa mirefu kuliko urefu wake ulivyostahili. Nikipima mimi robota likatoka pima kumi, yeye akilipima likatoka nane na kitu, tukaanza kugombana mbele ya watu, yeye akiniambia mama yangu alinizalia sandukuni, mimi nikimwambia akiwashwa na unyayo hana haja ya kuinama. Wateja walicheka, Kanji alishika kichwa, mnyapara akapiga miayo, na mwisho tukakubaliana. Adhuhuri, mimi na Kibwana tulikaa nyuma ya duka tukala muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa papa kutoka sahani moja. Aliponimegea papa hakuchagua kipande kidogo. Nimekula na watu wengi tangu hapo, na sikumbuki mwingine aliyekuwa muungwana akala nami bila kwanza kutazama nani anatuona.

Basi katika kiangazi cha mwanzo wa mwaka akaja Mzungu mmoja kutoka Unguja, ametumwa na nyumba moja ya biashara, akapanga chumba cha juu kwa Kanji. Watu walimwita Bwana Mto, kwa kuwa hakuuliza habari ya kitu kingine. Mashua za wafanyabiashara zilikwisha zoea kupanda Ruvu maji yakijaa, zikaleta mtama na sandarusi, lakini zilifika kivukoni tu, na miezi ya maji machache hazikufika popote. Wakubwa wake walitaka kujua kama stima ingeweza kupanda mbele zaidi, mwaka mzima, ili mizigo ya bara ishushwe kwa maji badala ya vichwa vya wapagazi. Nilikuwa nampandishia maji ya kuoga nikawasikia wakizungumza juu ya vikombe vya chai. Kanji alikuwa akiusifu mto kama anayemsifu binti wa kuposwa. Bwana Mto akamjibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba mto hauwi mzuri wala mbaya mpaka upimwe. Nilisimama ngazini na ndoo yangu, nikalipenda neno lile. Nililipenda kwa ujinga, kwa kuwa nilidhani ninajua kupima.

Kanji alimwazima mimi, maana nilikwisha jifunza kusoma tarakimu, na Kibwana akaajiriwa kwa kuwa aliujua mto. Tukatoka na mitumbwi miwili. Kazi ilikuwa hivi: Kibwana alishika upondo akatuliza chombo, mimi nikatupa bildi, yaani kamba ndefu yenye risasi mwishoni na alama ya ngozi kila pima, nikaita hesabu ya kina, na Bwana Mto akaandika katika daftari lililofungwa kwa turubali. Kanuni yake ilikuwa moja, aliirudia mpaka nikaiota. Mahali penye pima moja wakati wa kiangazi, stima na shehena yake itapita. Pungufu ya hapo, haipiti, na pahali pamoja tu pasipopitika panatosha kuufunga mto wote. Chini kwenye mikoko maji yalikuwa mengi. Juu yalianza kupungua, lakini hesabu zilikuwa nzuri, nami nikiziita nilisikia raha, kama ni mimi niliyeyatia maji yale.

Siku ya tatu tulipokuwa tukila jioni, yeye juu ya sanduku lake na sisi chini, Bwana Mto alisema kwamba mto ukifaa, nyumba yao itataka watu wa stima, na angependa mimi niwe serahangi, niwasimamie mabaharia. Nikamwambia mimi si mwenyewe, nina bibi yangu. Akasema atazungumza naye, atanikomboa. Alilisema huku akitoa miba ya samaki mdomoni, na sidhani alijua amesema nini. Mpaka leo siwezi kuamua kama alikuwa mtu mwema au alikuwa mtu mwenye chakula kinywani. Lakini mimi tangu saa ile sikuwa tena ninapima kina cha maji. Nilikuwa ninapima umbali baina yangu na kile kijumba cha uani, na kila pima niliyoiita ilikuwa inanisogeza mbali nacho. Nilitaka kuwa huru, nilitaka hivyo mpaka meno yalikuwa yakiniuma. Sitaki mtu anihurumie kwa hilo, ila ajue.

Tulikuwa karibu na kivuko kiboko alipoinuka chini ya mtumbwi wetu. Hakutufukuza hata, alituinua tu akatumwaga. Tuliogelea sote tukafika ukingoni, daftari likaokolewa, lakini bildi ilizama na hatukuiona tena. Bwana Mto alishikwa na homa siku ileile. Tukamlaza nyumbani kwa mama yake Kibwana, nyumba ya chini chini iliyojaa moshi na harufu ya kambare waliokaushwa, na yule mama akawa anamnywesha uji kwa kijiko na kumsema kwa Kikwere kama anavyosemwa mtoto mkaidi. Ilikuwa imebaki sehemu moja tu, fungu la mchanga lililo juu ya kivuko, ambalo wenyeji wote walilijua kuwa ndipo mto unapokauka zaidi. Bwana Mto, macho yamemwiva, aliniita kitandani akaniambia nitafute kamba nyingine, nifunge jiwe, nitie fundo kila pima, tukapime fungu lile tumletee jibu. Akaniuliza kama naijua pima. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema vizuri, akafumba macho.

Tukakaa chini ya upenu na kamba ya nazi. Kibwana alinyoosha mikono yake ile, akasema nimpe ncha ya kamba afunge yeye, tumalize. Mimi sikumpa. Aliona nimeikunja mapajani, akadhani ninamtania kama dukani.

"Kwani mto huu unauzwa au unanunuliwa?" aliniuliza, akicheka.

"Unauzwa," nikasema.

"Basi funga wewe."

Nikaanza kufunga. Fundo la kwanza, la pili, mikono yangu imenyooka kwa kipimo cha duka, na kicheko chake kikawa kinapungua kadiri mafundo yalivyoongezeka. Pima ya haki, ile ya bildi iliyozama, ilikuwa baina yangu na yeye, nami niliijua, nilikuwa nimeishika mkononi siku zote zile. Ningeweza kuikisia. Hilo ndilo ambalo nimejificha nalo miaka yote, kwamba nilipima kama tulivyozoea kupima, kwamba hakuna aliyeniambia vingine. Ni kweli na ni uongo.

"Feruzi," akasema Kibwana, "stima si nguo. Mtu akipunjwa nguo huvaa fupi, basi."

Ndipo nikamweleza habari ya serahangi na kukombolewa. Nilimwambia huku nikitazama kamba. Nilikuwa sijapata kumtamkia mtu yeyote kwamba nataka kuondoka kwa Bibi Zuhura, hata yeye, na naona alishangaa kwamba tumekula sahani moja muda wote ule asijue. Ndugu zake hawakutaka stima, walihofu itapita na mizigo yote iwaache na kivuko kitupu, naye alijua hivyo kuliko mimi. Hata hivyo akanishikia ncha ya kamba ili isisokoteke, nikamaliza kufunga.

Fungu lile tulilipima asubuhi. Kibwana alinipeleka pale penye maji mengi kuliko pengine, alipajua tangu utoto. Nikashusha jiwe, likatua juu ya mchanga, na fundo la kwanza likakaa juu ya maji sawasawa, limelowa nusu. Nikaita pima moja. Nikatazama upondo wa Kibwana alipouchomoa, ulikuwa umelowa kufika kifuani pake, si zaidi, naye akaufuta kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho. Bwana Mto aliandika kitandani vile nilivyomwambia. Homa ilipomwacha tulirudi mjini, akaandika barua yake ndefu, na barua ile ilisema mto unafaa.

Stima ilikuja baada ya masika. Ilikuwa ndogo, na ilipokuwa haina shehena ilielea juu ya maji kama ganda, lakini ikijaa ilizama karibu pima nzima. Mto ulikuwa umefura, ikapanda na kushuka mara mbili bila tabu, na Bagamoyo nzima ikaenda kuitazama. Mimi nilivaa kofia ya bluu ya serahangi. Nilikula biskuti ngumu na nyama ya kopo pamoja na mabaharia, na Bwana Mto akaniambia mwisho wa mwaka, hesabu za nyumba yao zikikaa sawa, atakwenda kwa Bibi. Kibwana aliajiriwa kusimama mbele na upondo kuonyesha njia. Kila tulipopita juu ya fungu aliuchovya upondo wake, akautazama, kisha akanitazama mimi. Maji yalikuwa yanashuka kila wiki. Nilijua yanashuka. Nilikuwa nikiamka naomba mvua ya bure katika mwezi usio wa mvua, badala ya kwenda kwa nahodha nikamwambia neno moja.

Safari ya mwisho tulishuka na mtama na sandarusi, tumejaa. Ilikuwa asubuhi nzuri, wanawake wanafua ukingoni. Stima ilipanda juu ya fungu kwa sauti ya kukwaruza isiyo kubwa, kama mtu anayeburuta kitanda, ikasimama. Nahodha akarudisha nyuma, haikutoka. Wakatoa kamba nene ya chuma, Kibwana na wengine wakaingia majini, wakaizungusha kwenye mti wa ukingoni ili stima ijivute kwa mashine yake. Kamba ikateleza juu ya gome la mti, Kibwana akatia mkono kuirudisha mahali pake, na wakati uleule mashine ikavuta. Sikumsikia akilia. Nilimsikia akisema legeza, mara mbili, kwa sauti ya kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa na kofia, mimi ndiye niliyepaswa kupitisha amri nyuma, na nilipoipitisha mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha. Tabibu aliuondoa juu ya kiwiko.

Nilikwenda kumwona kivukoni, katika nyumba ileile, kitanda kilekile alichougulia Bwana Mto. Mama yake alinipa kigoda na maji ya kunywa akatoka. Ilikuwa imekwisha tangazwa kwamba liwali atakaa barazani kuuliza sababu ya stima kukwama, na Bwana Mto alikuwa ameitaka ile kamba ya mafundo. Nikamwambia Kibwana nitasema ni mimi. Nadhani nilikusudia. Alikuwa amekonda, ngozi ya uso imekazana.

"Wewe ukisema ni wewe," akasema, "watakutia mnyororoni, kisha Bibi atakuuza Pemba. Mimi ni muungwana, watafanya nini? Wataniuliza tu. Nitasema ni mimi."

Nikamwambia haiwezekani.

"Yawezekana. Pima inataka mikono miwili, hakuna wa kunijaribu sasa. Ila siku utakapokuwa huru, uje useme mbele ya wazee wangu. Hao tu. Wa mjini sina haja nao."

Nikaapa. Nilishika msahafu wa mama yake uliokuwa katika shubaka nikaapa nao, na yeye akageuka ukutani akalala.

Barazani kwa liwali Bwana Mto alikunjua kamba mbele ya watu akailinganisha na rula yake ya mti. Kila pima ilipungua shibiri nzima na kitu, yaani zaidi ya kiganja kilichotanuliwa. Akauliza nani aliifunga, maana homa ilikuwa imemsahaulisha alimwagiza nani. Kibwana alikuwa ameletwa juu ya kitanda, akasema ni yeye. Nilitazama upande wa Kanji, ambaye alijua mikono ya kila mmoja wetu kuliko alivyojua watoto wake, nikaona anachezea vifungo vya koti. Angesema nini? Kwamba kipimo kile ni cha duka lake? Na wale wanyapara waliojua urefu wa mikono ya Kibwana walipata jibu lao wenyewe, jibu baya kuliko nilivyodhani. Nilisikia likipita kutoka mdomo hadi mdomo, kwamba basi alikunja viwiko makusudi. Kwamba ikiwa alikunja kwa Mzungu, huenda alikuwa akikunja na kwetu, akila upande wa Banyani. Liwali akaamua kwamba mtu aliyedanganya hastahili fidia ya mkono wake, na kwamba ukoo uliozaa mdanganyifu kama huyo hauaminiki kushika kivuko. Kivuko wakapewa watu wengine. Baba zake wadogo walikuwapo, walisimama wakatoka bila kumtazama, na kitanda kikachukuliwa na wapagazi wa kukodiwa.

Bwana Mto aliandika barua ya pili kwamba mto haufai, akarudi Unguja na stima yake. Aliniaga kwa heri, akasema pole, mambo yameharibika. Kwa hiyo hata kile nilichodanganya ili nikipate sikukipata. Nikarudi dukani kwa Kanji, na kofia ya bluu akaichukua mpishi wa Bibi Zuhura akawa anafunikia mtungi. Na mjini likazuka neno. Mtu akipunjwa nguo, au mafuta, au hata wali wa karamu, akawa anasema hiki ni kipimo cha Kibwana. Nimelisikia neno hilo sokoni, barazani, harusini. Wengi wanaolisema leo hawajui kama Kibwana alikuwa mtu. Nimelicheka pamoja nao, si mara moja, kwa kuwa mtu asiyecheka huulizwa. Na yeye, mkono wake wa kulia ukiwa haupo, alilazimika kula kwa wa kushoto, na watu wetu mnavyowajua, wakawa wanamtengea sahani yake peke yake, pembeni. Hata mimi nilipokwenda kumtembelea, na nilikwenda mara chache, nilihakikisha si wakati wa chakula.

Nilipata uhuru miaka mingi baadaye, wakati wa Wadachi. Bibi Zuhura alikuwa amezeeka, alinipeleka mwenyewe bomani nikaandikiwa hati yenye muhuri, akalia njiani kuliko mimi. Kesho yake nilivaa kanzu mpya nikaenda kivukoni, hati imo katika kitambaa kifuani. Sikuwa nimempelekea habari Kibwana, lakini habari za mjini hufika. Nilipotokea uani kwake nikakuta mikeka imetandikwa, kahawa iko motoni, na baba zake wadogo wawili waliokuwa wamebaki hai wameketi wamevaa kanzu zao za Ijumaa, na nyuma yao wakubwa wengine wa ukoo, kama watu kumi. Ilikuwa Jumatatu. Kibwana alikuwa amenyolewa kichwa. Alisimama akanikumbatia kwa ule mkono mmoja, akaniketisha katikati ya mkeka, mahali ambapo watu wote wangenisikia, naye akaenda kukaa mwisho, karibu na mlango, akanitazama.

Nikatoa hati yangu nikawasomea. Ilikuwa fupi. Wakasema alhamdulillahi, mmoja akaomba aishike, ikapita mikono yote ikanirudia. Kisha wakangoja. Nilifungua kinywa. Nilikuwa huru siku moja tu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa nimeketi mbele ya waungwana kumi wakinitazama kama mwenzao, na nilijua nikisema sentensi moja watanitazama vingine, na sikuweza kuipoteza siku ile moja ya kuwa mwenzao. Nikasema mvua mwaka huu zimechelewa. Nikauliza hali ya mashamba ya mtama. Walinijibu kwa adabu. Yule mkubwa wa baba wadogo wale wawili, aliyekuwa haoni vizuri tena, akamgeukia Kibwana akamuuliza kwa sauti ambayo wazee hudhani ni ya chini:

"Ndilo hilo ulilotuitia?"

Kibwana alikuwa akinimiminia kahawa kwa mkono wa kushoto, polepole, isimwagike.

"Ndilo hilo, baba," akasema, akaniletea kikombe, nikapokea nikanywa.